Mkono Ndani ya Chupa ya Peremende

Katika makala haya tunakusudia kuchambua kumbukumbu za duka la utotoni kama zinavyojitokeza katika kitabu cha Roald Dahl, Boy, kilichochapishwa mwaka 1984. Baadhi ya wasomaji wetu wataona kwamba duka la peremende ni jambo dogo mno kwa jarida la walimu wa Kiswahili, tena duka lenyewe la ng'ambo. Tunawaomba wavumilie. Dahl ni miongoni mwa waandishi wa Kiingereza wanaosomwa sana na watoto. Mwanafunzi akiambiwa aandike insha juu ya utoto wake, duka la karibu na nyumbani huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kumjia. Na wengi waliokuja kushika funguo za maduka ya namna hiyo huko Uingereza walitoka katika miji yetu hii hii. Hoja yetu ni kwamba kumbukumbu za duka la peremende karibu zote husimuliwa na yule aliyesimama nje ya kaunta, na kwamba Dahl, ambaye ni fundi kuliko wengi, ndiye anayetuonyesha waziwazi gharama ya kusimulia hivyo.

Kwanza yafaa tulieleze duka lenyewe, maana mwalimu akilitafsiri kuwa "duka la magazeti" basi, atampoteza mwanafunzi. Huko Uingereza, kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, ilikuwa kawaida kukuta duka dogo kwenye pembe ya mtaa, mwenyewe akikaa chumba cha nyuma au cha juu. Alfajiri lilipokea mafurushi ya magazeti, na vijana wa shule waliyapeleka nyumba kwa nyumba kwa ujira mdogo kabla ya kuingia darasani. Mchana liliuza sigara, viberiti, penseli, na majarida ya vichekesho vya watoto kama The Dandy, lililoanza Desemba 1937, na The Beano, lililoanza Julai 1938. Juu ya rafu, mbali na mikono ya watoto, zilikaa chupa pana za kioo zilizojaa peremende, ambazo mwenye duka alizipima kwa mizani, robo ratili kwa robo ratili, na kuzimimina katika mfuko wa karatasi. Kiingereza kina neno moja kwa mwenye duka wa aina hiyo, lenye maana ya wakala wa habari. Lakini mtoto hakumjua kwa habari zake. Alimjua kwa chupa zake.

Hesabu ya fedha nayo huwatatiza wanafunzi wetu. Sisi tulizoea shilingi ya senti mia moja. Shilingi ya Mwingereza, hadi mabadiliko ya tarehe 15 Februari 1971, ilikuwa ya peni kumi na mbili, na peni yenyewe iligawanyika mara nne. Ndiyo maana "nne kwa peni" ni bei inayotajwa kila mara wazee wa huko wanapozungumzia utoto wao. Miongoni mwa hizo nne kwa peni ilikuwamo moja nyeusi iitwayo Black Jack, ambayo karatasi yake kwa miaka mingi ilichorwa mdoli mweusi wa kuwadhihaki watu weusi. Wanaoikumbuka husimulia utamu wake na jinsi ilivyotia ulimi rangi. Karatasi walikwisha kuitupa.

Vita vya pili vya dunia viliiongezea peremende thamani isiyo ya kawaida. Kuanzia Julai 1942 ziligawiwa kwa kadi. Serikali iliuondoa mgao huo Aprili 1949, ikalazimika kuurudisha Agosti mwaka huohuo kwa kuwa maduka yalishindwa kutosheleza wanunuzi, na haukukoma kabisa hadi tarehe 5 Februari 1953. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1940 alipita utoto wake karibu wote akiziangalia chupa ambazo fedha peke yake haikuweza kuzifungua. Hatushangai basi kwamba kizazi hicho kikiandika huandika juu ya duka kama wengine waandikavyo juu ya pepo.

Dahl hakuwa mtoto wa mgao. Alizaliwa mwaka 1916 huko Llandaff, katika mji wa Cardiff nchini Wales, kwa wazazi wa Kinorwei. Baba yake, aliyekuwa wakala wa meli, alifariki mwaka 1920 akiiacha familia na mali ya kutosha. Alisoma katika shule ya kanisa kuu la Llandaff kati ya 1923 na 1925, na njiani kwenda shule lilikuwapo duka la peremende la mwanamke anayemwita Bibi Pratchett. Kisa chenyewe ni chepesi kusimulika. Wavulana watano, Dahl akiwamo, wanamchukia Bibi Pratchett kwa uchafu wake na ukali wake. Wanakuta panya aliyekufa chini ya ubao wa sakafu darasani. Dahl anatoa shauri kwamba panya huyo atumbukizwe katika chupa ya peremende, na yeye ndiye anayemtumbukiza, wakati mwenzake Thwaites akimshughulisha mwanamke kwa kununua. Kesho yake duka limefungwa, chupa imevunjika, peremende zimetapakaa sakafuni. Baadaye Bibi Pratchett anakuja shuleni, wavulana wanapangwa mstari, anawatambua mmoja mmoja, na mwalimu mkuu anawachapa viboko vinne kila mmoja, yule mwanamke akiwa ameketi chumbani akichochea fimbo iongezwe nguvu.

Kwa upande wa fani, kazi hii ni ya hali ya juu, na atakayeibeza atakuwa hakuisoma. Dahl hasemi tu kwamba watoto walipenda peremende. Anaziorodhesha kwa majina, bei na namna ya kuliwa, kwa umakini ule ule ambao fundi wa jahazi angetumia kutaja mbao zake. Ipo peremende ngumu ya mviringo, ya peni moja, inayojaza shavu na kubadilika rangi kadiri inavyonyonywa, ambayo katikati ya utamu hutolewa kinywani ili itazamwe. Zipo zile nyeusi ndefu kama kamba za viatu, ambazo Thwaites, mtoto wa daktari, anashikilia kwamba zimetengenezwa kwa damu ya panya, kwa kuwa baba yake amemwambia. Na wenzake, baada ya kusikia hayo yote, wanaendelea kuzinunua. Hapa Dahl amekamata jambo ambalo waandishi wengi wa utoto hulikosa: elimu ya watoto ina wanazuoni wake, mijadala yake na uongo wake unaoheshimiwa. Aliyewahi kuwasikia watoto wa pwani wakibishana juu ya kinachotia ubuyu rangi nyekundu, au wa bara wakieleza gubiti hupikwaje, ataitambua elimu hiyo mara moja.

Tukifika kwa Bibi Pratchett mwenyewe, ufundi uleule unageuka kuwa kitu kingine. Tunapewa masharubu yake, aproni yake yenye mafuta, blauzi yenye makombo ya mkate na madoa ya chai na yai, na zaidi ya yote mikono yake michafu, inayoingia moja kwa moja katika chupa na kutoka na peremende. Mikono hiyo ndiyo kiini cha sura nzima. Lakini ni mikono isiyo na mwenyewe. Hatuambiwi kama mwanamke huyu ni mjane au ana mume kitandani chumba cha juu, wala analipa kodi kiasi gani, wala husimama saa ngapi kwa siku, wala hubaki na nini katika kila peni moja ya mtoto. Maneno yake machache dukani ni ya kuwaonya watoto wasiibe. Dahl anayaleta kama ushahidi wa roho mbaya. Yeyote aliyewahi kuuza vitu vya senti tano tano atayasoma vingine.

Tena angalieni lugha. Usemi wa Bibi Pratchett huandikwa kwa tahajia iliyopindishwa, herufi zikidondoka mwanzoni mwa maneno, ili msomaji asikie matamshi ya mtu wa tabaka la chini. Wavulana, ambao ni watoto wa daktari na wa wakala wa meli, huandikiwa Kiingereza kilichonyooka. Hakuna aliyekaa Cardiff mwaka 1924 aliyezungumza kama kitabu, watoto hao wakiwamo. Mwandishi amechagua nani apewe tahajia ya kamusi na nani anyimwe, na sisi walimu wa lugha hatuwezi kulipita jambo hilo kana kwamba ni pambo tu.

Watakuwapo wa kututetea Dahl kwa kusema kwamba hili ni jicho la mtoto, na mtoto haoni kodi ya nyumba. Hoja hiyo ina uzito, lakini haifiki mwisho wa safari. Mtoto huyo alikuwa amekaribia miaka sabini alipochapisha kitabu. Na pale anapotaka, mzee huingia katika hadithi bila kubisha hodi: anaposimulia viboko, katika shule hii na zile zilizofuata, anaisimamisha hadithi na kutoa hukumu ya mtu mzima juu ya watu wazima wanaoruhusiwa kuwajeruhi watoto. Kurasa hizo ni bora kuliko zote katika kitabu, na tungependa kila mwalimu ashikaye fimbo azisome. Hata mama yake, anapokwenda kwa mwalimu mkuu kulalamikia alama za viboko, anaambiwa kwamba yeye ni mgeni na hazifahamu desturi za shule za Kiingereza. Na Dahl anahakikisha kwamba tunausikia ubaridi wa neno hilo. Basi alikuwa na sikio la kusikia ugeni wa mama yake. Kwa unyonge wa mwanamke wa dukani sikio hilo halikufunguliwa.

Isipokuwa kwa nukta moja. Asubuhi ile ya duka lililofungwa, Thwaites anasema kwamba huenda mwanamke amekufa kwa mshtuko, na Dahl anatetemeka kwa kujiona muuaji. Kwa kitambo kidogo Bibi Pratchett ana moyo unaoweza kusimama. Tunadhani hapo ndipo palipokuwa na kitabu kingine, kikubwa kuliko hiki. Lakini mwanamke anatokea shuleni akiwa mzima, hofu inageuka kuwa chuki tena, na mlango unafungwa. Mwaka 2009 palitundikwa kibao cha samawati cha kumkumbuka Dahl kwenye jengo lililokuwa duka hilo, ambalo wakati huo lilikuwa likiuza vyakula vya Kichina. Hivyo ndivyo panya alivyopata historia.

Haki inatudai tuseme pia kwamba Dahl mwenyewe aliwahi kumchora mwenye duka mwingine kabisa. Katika Charlie and the Chocolate Factory, kitabu cha mwaka 1964, mtoto mwenye njaa anaokota fedha katika theluji na kuingia katika duka la karibu, lile la kuuza kila kitu. Anapata karatasi ya bahati, watu wanamzonga wakitaka kumnunulia au kumnyang'anya, na ni mwenye duka anayewafukuza na kumwambia mtoto akimbie nyumbani. Mtu huyu hana jina wala historia, lakini ana wema. Tofauti ni kwamba Charlie ni maskini na anaingia dukani kama mwenye shida. Wale watano wa Llandaff waliingia kama mabwana wadogo. Duka humwonyesha kila mtoto sura kulingana na kilichomo mfukoni mwake.

Sasa tuvuke kaunta. Katika miaka ya karibuni wameanza kuandika wale waliolelewa upande wa ndani. Babita Sharma, mtangazaji wa habari aliyekulia katika maduka ya wazazi wake mjini Reading, alichapisha The Corner Shop mwaka 2019. Sathnam Sanghera alitoa riwaya ya Marriage Material mwaka 2013, juu ya familia ya Kisikh yenye duka la magazeti huko Wolverhampton, akiijenga juu ya kiunzi cha riwaya kongwe ya Arnold Bennett, The Old Wives' Tale ya mwaka 1908. Vitabu hivi viwili havilingani kwa sanaa, na kwa maoni yetu cha Sanghera kina nguvu zaidi. Lakini vyote viwili vinatufundisha jambo moja ambalo Boy hakiwezi kutufundisha: kwa mtoto wa ndani, duka si mahali pa kwendea. Ndipo nyumbani, pasipofungwa, na kengele ya mlango hulia wakati wa chakula.

Kwa nini wenye maduka hayo walikuwa, kufikia miaka ya 1970 na 1980, watu wenye asili ya Bara Hindi kwa wingi namna ile? Sehemu ya jibu iko kwetu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku tisini waondoke. Watu wapatao 27,000 waliingia Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasiende huko. Wengi walikwenda, na baadhi yao wakafungua maduka ya pembeni mwa mtaa, wakiuza magazeti, sigara na peremende kwa watoto wa Kiingereza ambao leo huandika kumbukumbu. Walikwenda na Kiswahili chao pia, kile cha dukani, cha bei na mizani. Neno "duka" lenyewe ni msafiri: lina asili ya Kiarabu, linatumika katika lugha za Bara Hindi, limekaa kwetu mpaka likawa letu, na Kiingereza cha Afrika Mashariki kikalichukua kumwitia Mhindi mwenye kuuza rejareja. Mwaka mmoja baada ya kuwafukuza wazungumzaji hao, mwaka 1973, serikali ileile ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa.

Maduka yaliyoachwa yaligawiwa watu wengine. Waliotajirika humo waliitwa "mafuta mingi", jina ambalo walimu wa sarufi mtaliona lina kosa la upatanisho, na ambalo hata hivyo lilieleweka pasipo mkalimani. Kisha sukari ikaadimika, na sabuni, na chumvi. Kwa hiyo sisi tulio Uganda tunazo kumbukumbu za duka la utotoni zinazofanana zaidi na za Waingereza wa mwaka 1942 kuliko za Dahl: rafu tupu na foleni. Tofauti ni kwamba wao waliandika. Yetu imebaki katika mazungumzo ya wakubwa, nayo husimuliwa kama kichekesho.

Katika maandishi ya Afrika Mashariki, waliokwisha kuingia nyuma ya kaunta wameandika zaidi kwa Kiingereza. M. G. Vassanji katika The Gunny Sack (1989) na hadithi za Uhuru Street (1992) anaonyesha familia za wenye maduka wa Dar es Salaam kutoka ndani. Abdulrazak Gurnah katika Paradise (1994), riwaya iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022, anakwenda mbali zaidi. Mtoto Yusuf, wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa ajili ya deni la baba yake na kuwekwa dukani pamoja na Khalil, ambaye naye ni rehani ya deni jingine. Hapa mtoto hanunui kitu dukani. Yeye mwenyewe ni sehemu ya hesabu. Tunawashauri walimu wayasome mafungu ya duka katika Peponi sambamba na sura ya Bibi Pratchett, kwa juma moja, bila maelezo mengi, na wawaachie wanafunzi wauone umbali uliopo. Katika Kiswahili chenyewe twamkumbuka Bwana Raza wa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999), lakini huyo amekuja kama mume mzee wa Yasmin. Duka lake limepita tu dirishani.

Jambo la mwisho linahusu tafsiri. Tuseme mmoja wetu anaamua kuifasiri sura hii ya Boy kwa Kiswahili ili aitumie darasani. Peremende zitapata majina, kwa jasho kidogo. Ratili zipo. Lakini Bibi Pratchett atazungumza Kiswahili gani? Akipewa Kiswahili sanifu, kejeli ya Dahl itapotea, na labda hasara si kubwa. Akipewa lahaja fulani, wenye lahaja hiyo watauliza kwa haki wamekosa nini. Iko njia ya tatu, na tunaitaja kwa kuwa ndiyo itakayomjia mfasiri haraka kuliko zote: kile Kiswahili kilichovunjika ambacho waigizaji wetu wa vichekesho wamekuwa wakimpa Mhindi wa dukani, chenye vitenzi visivyonyumbuliwa na ngeli zilizochanganyika. Darasa zima litacheka kabla mwanafunzi hajamaliza sentensi ya kwanza. Tungependa kupokea barua za walimu watakaoijaribu sura hiyo kwa njia yoyote kati ya hizo, pamoja na maneno waliyompa yule mwanamke aseme anapoifungua chupa asubuhi.